Mapumziko ya Bi Funguo

Wiki tisa nilizokaa ugenini kwa binti yangu sikuwahi kutoka peke yangu, ukiacha kwenda dukani kununua sabuni na kurudi. Nilikwenda kumlea mzazi, na nilimlea kwelikweli. Nepi nimefua, uji nimekoroga, mjukuu nimembeba mpaka bega la kushoto likainama kuliko la kulia. Jumatatu moja jioni binti yangu akanikuta nimesinzia mezani, kijiko mkononi, akasema, "Mama, kesho hugusi kitu humu ndani. Kesho unatoka. Nenda ukaone mji."

Nikasema sawa. Kilichoniponza ni kwamba mume wake alikuwa anasikia.

Mkwe wangu ni mtu mwema. Hilo nalisema mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya aonekane vingine. Anampenda mke wake na hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Ila ni mtu wa ratiba. Kazi yake ni kupanga safari za malori ya kampuni ya mizigo, lori gani litoke saa ngapi na lipite wapi, na kichwa chake hakijui kufunga ofisi. Asubuhi nikakuta karatasi mezani imechapwa kwa kompyuta. Saa tatu kamili hadi saa nne na robo, Makumbusho ya Mji. Saa nne na robo hadi saa nne na dakika ishirini na saba, kutembea. Halafu Kasri, halafu chakula, halafu Ngome na gereza la zamani, halafu kanisa lenye mnara, halafu makumbusho ya saa za ukutani.

"Nimeweka na dakika za chooni, Mama," akasema, amejawa na furaha.

Angekuwa mwanangu wa kumzaa, ningemwambia aikunje karatasi hiyo amfutie mtoto. Lakini mkwe ni mkwe. Nikapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, baba. Umejisumbua."

Binti yangu akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. "Na tafadhali, Mama, leo usiguse kitasa cha mtu."

Alikuwa na sababu. Nyumbani mimi ni fundi wa vitasa na makufuli. Kazi nilirithi kwa marehemu baba, na huu ni mwaka wa thelathini na moja niko kwenye kile kibanda chake. Mtaa mzima unaniita Bi Funguo. Hapo kwa binti yangu nilikuwa nimeshafungua na kusafisha vitasa vyote vya nyumba, vya jirani wa chini, na cha chumba cha mashine za kufulia, ambacho hakuna aliyeniomba.

"Leo nimepumzika," nikamwambia. "Hata kikining'ang'ania, sikigusi."

Saa tatu kasoro dakika mbili nilikuwa mbele ya Makumbusho ya Mji. Jengo zuri, nguzo ndefu, ngazi pana, njiwa wengi. Mlangoni pana kibao kidogo: Jumanne hatufungui. Nikampigia mkwe wangu.

"Haiwezekani, Mama. Mtandaoni imeandikwa wazi kuwa wako kazini."

"Mlangoni imeandikwa wamefunga, baba."

"Umejaribu kusukuma?"

"Nimesukuma."

"Labda ni wa kuvuta."

Miaka thelathini na moja niko na milango, leo nafundishwa kusukuma na kuvuta. Nikameza mate. Akafikiri kidogo, nikamsikia anagonga vidole mezani, akasema, "Basi, Mama, subiri hapohapo mpaka saa nne na robo. Ukiwahi Kasri, mpangilio wote unavurugika."

Nikamwambia simu inakatika, nikaikata.

Kasri lilikuwa wazi, na ningeshukuru lingefungwa. Getini walinivalisha viatu vya kitambaa juu ya viatu vyangu, vyote viwili vya mguu wa kulia. Wakanipa kifaa cha kusikilizia chenye vitufe, nikabonyeza cha lugha ninayoielewa, kikaanza kunisimulia kwa lugha ambayo sijui hata ni ya upande gani wa dunia. Nikarudi kulalamika. Mlinzi akainua mkono: harudi mtu nyuma, njia ni moja tu. Nikabonyeza na kubonyeza mpaka nikapata lugha yenyewe, lakini sasa kifaa kilikuwa nyuma kwa chumba kimoja. Nimesimama mbele ya meza ya chakula, naambiwa nitazame ustadi wa bafu.

Chumba cha kulala cha malkia, ambacho nilikuwa nimekisubiri, kilikuwa kwenye matengenezo. Walikuwa wametundika picha ya kitanda juu ya turubai. Mama mmoja mbele yangu akajipiga picha na picha ya kitanda. Nilinyoosha kidole kuonyesha dari, nikakatazwa. Nilipoegemea fremu ya mlango napo nikakatazwa. Halafu haja ikanishika, nikamuuliza mlinzi choo kiko wapi.

"Pale mlangoni ulipoingilia."

"Basi nirudi mara moja."

"Njia ni moja tu, mama. Endelea mbele, utatokea hukohuko."

Vilikuwa vimebaki vyumba ishirini na sita. Kama kuna mtu aliyewahi kupita katika vyumba vya wafalme kwa kasi ile, basi alikuwa anafukuzwa. Vioo, mazulia, mataa ya kuning'inia, nilivipita vyote nimebana magoti, huku sikioni mtu akinisihi nisimame nitafakari.

Nilipotoka chooni simu ikaita. "Mama, umebakisha dakika kumi na nane za Kasri."

"Nimewaachia," nikasema.

Nikala mkate wangu nimesimama, kwa sababu benchi la kwenye ratiba lilikuwa limepakwa rangi asubuhi ile, nikapanda mlima kwenda Ngomeni. Nilijiambia kwamba hapo ndipo siku yangu itaanza. Ngome ni mawe, na mawe hayafungwi Jumanne.

Gereza la zamani lilikuwa chini ya ngome, ujia mrefu wenye seli kila upande. Watu waliingizwa wachache wachache. Zamu yangu tulikuwa wanne: mimi, mume na mke watalii waliovaa makoti ya rangi moja, na mzee mwenye fimbo aliyekuja peke yake. Aliyetuongoza alikuwa msichana mrembo aliyevalishwa sare ya askari jela wa kale, kofia imemzidi kichwa, na mkononi rundo la funguo kubwa kama vyombo vya jikoni. Alijua kazi yake na alisimulia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikajisahau.

Akatuingiza kwenye seli ya mwisho. Mlikuwa na kitanda cha chuma, ndoo, na mlango wa mbao nene wenye kidirisha cha kupitishia chakula, kinachoingia mkono mpaka begani. "Sasa nitawafungia dakika moja tu," akasema, "msikie ukimya waliokuwa wakiishi nao wafungwa."

Akatoka, akavuta mlango, akazungusha ufunguo. Mimi nilisikia ukimya kama wenzangu, lakini kabla yake nilisikia kile kitasa. Kilikwaruza. Nikajiambia, Bi Funguo, umepumzika, nyamaza.

Dakika ikaisha. Ufunguo ukaingia, ukazunguka robo, kisha pakalia *tak*, kama mtu amevunja kijiti. Kukawa na ukimya mwingine, ambao haukuwa kwenye maonyesho.

"Samahani," sauti ya msichana ikaja kidirishani. "Ufunguo umekatika."

"Umekatikia wapi?" nikauliza.

"Jino limebaki ndani."

Akakimbia kumwita msimamizi. Msimamizi akaja na suti yake na kadi kifuani, akatutazama kidirishani mmoja mmoja kama anayehesabu mbuzi. "Msiwe na wasiwasi," akasema. "Mtaalamu wetu wa vitu vya kale ameshaarifiwa. Atafika saa tisa."

Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano.

"Mwite fundi yeyote wa mtaani," nikasema. "Kazi ya dakika kumi hii."

"Mama, kitasa hiki kina umri wa miaka mia mbili. Haruhusiwi mtu kukigusa isipokuwa mtaalamu."

"Na sisi je? Sisi hatuna umri?"

Akasema ataleta maji, akaondoka. Maji yenyewe hatukuyaona.

Yule mzee akakaa kitandani, akaweka fimbo magotini, akasema hana haraka. Ila mke wa mtalii alikuwa ameanza kubadilika. Mwanzoni alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akawa anavuta pumzi fupifupi, kiganja kimebandikwa ukutani. Mumewe akamwambia, "Tulia, ni chumba tu." Akalirudia mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na kila mara mkewe akazidi kutetemeka. Nilimsogeza mwanamume yule pembeni bila adabu yoyote, nikamshika mke mikono. Ilikuwa ya baridi, inachururika jasho.

"Nitakutoa," nikamwambia. Lugha ya pale nimeiokota dukani na kwenye ngazi za jengo. Ya kuuliza njia na kubishana inanitosha, ya kumpoza mgonjwa sina. Lakini hilo alilielewa.

Simu yangu ikaita wakati huohuo. Mkwe.

"Mama, kwa saa yangu sasa unatoka Ngomeni kuelekea kwenye mnara."

"Sitoki, baba. Nimefungwa gerezani."

"Nini?"

"Nimefungwa gerezani, nina mgonjwa hapa, nitakupigia." Nikaizima kabisa.

Nikaenda kidirishani. Msichana wa sare alikuwa bado yupo, kofia ameivua, anajiuma midomo. Nikatoa mkono nje, nikaukunja kurudi kwenye ubao wa mlango, nikakipapasa kitasa. Vidole vyangu vinajua kusoma. Chuma kimepakwa rangi nyeusi nzuri ya kung'aa, na ndani ya tundu pakavu kama mfupa. Hasira zikanipanda mpaka utosini. Kitu cha miaka mia mbili, kimewekewa kibao, kimewekewa taa, kimewekewa mtu wa kukatazia watu wasikiguse, na hakuna aliyewahi kukitia tone la mafuta.

"Binti, sikiliza," nikasema. "Mimi nyumbani ni fundi wa hivi vitu. Nitakufundisha."

"Nitafukuzwa kazi."

"Mtazame yule mama usoni, halafu uniambie tena."

Akachungulia. Hakuniambia tena.

Nikamwomba mke pini za nywele, akazing'oa mwenyewe kichwani, na nadhani kupata kitu cha kufanya kulimsaidia. Nikazinyoosha mbili, ncha nikazikunja kama ndoano kwenye pembe ya kitanda, nikampa msichana. Yeye anaona tundu, mimi ninalijua. Tukafanya kazi kama mtu mmoja aliyekatwa vipande viwili. "Ingiza chini. Chini zaidi. Usisukume! Liguse tu, kama unamtoa mtoto kitu jichoni." Jino likatoka mara ya nne, likaanguka sakafuni, tukalisikia wote.

Ukabaki ulimi wenyewe wa kitasa, kile chuma kinachoingia ukutani kuushika mlango. Hapo nilihitaji waya mnene, nikatazama huku na huku, macho yakatua kwenye ndoo. Mpini wake ulikuwa wa waya hasa. Nikaung'oa kwa vidole, nikaukanyaga kwenye mguu wa kitanda nikaupinda, nikaupinda tena, ukatoka mfano wa ufunguo uliochorwa na mtoto. Mume wa mtalii akasema, "Hicho ni kitu cha makumbusho!" Mzee wa fimbo akamwambia, "Nyamaza wewe," na hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyosikia siku ile.

Msimamizi akatokea wakati napitisha waya nje. Aliiona ndoo haina mpini kabla hajauona mlango.

"Ndoo! Mama, umefanya nini? Hiyo ni mali ya kihistoria!"

"Bwana mkubwa," msichana akasema bila kugeuka, "ndoo hiyo tuliinunua sokoni mwaka juzi. Ulinituma mimi."

Msimamizi akaanza kuinyoosha kadi yake kifuani.

"Zungusha kushoto," nikamwambia msichana. "Kuna kitu ndani kinaruka, kibonyeze kwanza kwenda juu, ndipo uzungushe." Sikujua springi wanaiitaje, wala ulimi wa kitasa. Nikatoa ulimi wangu mwenyewe kidirishani, nikaurudisha mdomoni, nikautoa tena, nikaurudisha, ili aelewe kinachotakiwa kurudi ni nini. Bibi mzima, mwenye mjukuu, natoa ulimi dirishani mwa gereza mbele ya mtu aliyevaa suti.

"Haisogei."

"Inasogea. Unaiogopa. Kaza mkono."

"Haisogei, mama!"

"Nimekwambia kaza!" Nilifoka kama ninavyowafokea wanafunzi wangu kibandani, kwa lugha ya nyumbani kabisa, na sijui alielewa nini, lakini alikaza. Kitasa kikalia kilio kirefu cha chuma kikavu, mlango ukalegea.

Mke akatoka wa kwanza, nusu anakimbia, akaenda kukaa kwenye nyasi juani, akalia. Nikakaa naye mpaka pumzi zake zikarudi mahali pake. Alinishika tu kiganja. Mumewe akaja na maji, safari hii hakumwambia atulie.

Nilikuwa bado hapo msimamizi aliponiletea fomu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kueleza uharibifu wa ndoo. Ya pili ilikuwa ya kuomba radhi, wao kwetu. Nikasaini ya pili, ya kwanza nikamrudishia. Akasimama akichezea kalamu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tuna milango kumi na minne mingine kama ule."

"Najua. Nilivisikia vitasa vyake nikiwa napita."

"Usingeweza kuvitazama?"

"Leo?"

"Ukiwa na nafasi."

"Nenda dukani ununue mafuta ya cherehani," nikamwambia. "Kila tundu, matone matatu. Na yule binti usimguse. Ukimfukuza, nitarudi hapa na hasira zangu zote."

Akasema hana mpango wa kumfukuza. Nilimtazama mpaka akalirudia.

Ndipo nikamwona mkwe wangu anapanda mlima. Anakimbia, tai begani, mkononi bahasha, na nyuma yake mwanamume mnene anayehema, ambaye baadaye niliambiwa ni wakili, rafiki wa bosi wake. Walikuwa wameshakwenda vituo viwili vya polisi kuniulizia. Kwenye bahasha mlikuwa na nakala ya pasipoti yangu, cheti cha kuzaliwa cha mjukuu, na barua ya kazini kwake inayothibitisha kwamba mimi ni mtu mwenye tabia njema. Sijui aliiandikisha saa ngapi.

"Mama!" akasema, akakosa pumzi ya kuendelea. Macho yalikuwa mekundu. "Wamekutesa?"

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Tangu saa tatu asubuhi nilikuwa napanga maneno. Nilipomwona kijasho kinamtiririka na ile barua ya tabia njema imekunjamana mkononi, nusu ya maneno ikayeyuka. Nusu nyingine ikabaki, na ilihitaji kusemwa.

"Kaa chini, baba," nikasema. Wakili akakaa pia. Nikawaeleza yote, kuanzia ufunguo mpaka ulimi. Wakili akacheka mpaka akashika tumbo. Mkwe wangu hakucheka.

"Ni kosa langu," akasema. "Ningekupangia Ngome asubuhi, ungekuta mwongozaji mwingine."

"Hapana, baba. Sikiliza, na unisamehe, maana mama mkwe hapaswi kusema hivi. Mimi si lori."

Akanitazama.

"Nakupenda, na najua ulinipangia kwa mapenzi. Lakini wiki tisa nimeamka kwa saa ya mtoto. Leo nilitaka siku isiyo na saa. Nikitaka kukaa kwenye ngazi nitazame njiwa mpaka mchana, nikae. Ukinipigia simu kila nusu saa, ni kama sijatoka nyumbani kwako."

Akawa anaikunja bahasha na kuikunjua. Nikafikiri nimemuumiza. Kisha akasema, taratibu, "Mke wangu huniambia hivyohivyo. Maneno yaleyale, mpaka la lori."

"Basi tumekuwa wawili."

"Huwa nadhani anatia chumvi."

"Hatii."

Akakubali kwa kichwa. Aliponyanyuka akajipapasa mifuko, nikajua anatafuta karatasi ya kuniandikia njia ya kurudi, nikamwona anajizuia. Ilimgharimu, nilimwona usoni. "Utarudi saa ngapi, Mama?" akauliza, kisha akainua mikono haraka. "Usijibu. Utarudi utakaporudi." Akamshika wakili mkono, wakateremka mlima, na mara mbili akageuka kunitazama.

Mimi nikateremka upande wa pili, bila kujua njia inaelekea wapi. Kanisa lenye mnara nililipita kwa nje. Kwenye uchochoro mmoja nikaona mlango wa kijani na kibao cha nyumba ya picha za kuchora, nikaingia kwa sababu tu ulikuwa wazi. Vyumba vitatu, hakuna kifaa cha kusikilizia, hakuna viatu vya kitambaa. Mlinzi wa pale, mama wa rika langu, alikuwa anafuma soksi, akanikubalia kwa kichwa akaendelea na soksi yake.

Chumba cha mwisho kilikuwa na picha kubwa ya ng'ombe wanavuka mto. Si picha ya ajabu. Ng'ombe mmoja miguu yake imekosewa, yaani ukimtazama sana unaona hawezi kusimama. Mbele ya picha pana benchi lenye mto laini. Nikakaa, nikavua viatu, nikawatazama wale ng'ombe wakivuka, nikawahesabu, nikasahau nimefika wangapi.

Mlinzi aliniamsha kwa kunigusa bega. Taa za vyumba viwili zilikuwa zimeshazimwa, na soksi ilikuwa imefika kisiginoni.

"Samahani, mama," akasema. "Nilikuacha kadiri nilivyoweza."